Vifaa 19 kwa rauta yangu na sisi tuna vitano tu: tuongee kuhusu kufunga WiFi ya nyumbani

GhorofaYaNne:
Habari za jioni wadau. Huu uzi ni mrefu, mnivumilie, lakini hii kitu imenikalia moyoni wiki tatu sasa na sitaki mtu mwingine apitie nilipopitia.

Naishi Umoja, ploti ya ghorofa sita, mimi niko ya nne. Nina kifurushi cha 10 Mbps na nalipa bila kuchelewa. Kitambo hakukuwa na shida, halafu nikaanza kuona ikifika saa moja jioni intaneti inakufa. Asubuhi iko sawa, mchana iko sawa, jioni video inazunguka tu. Bibi yangu ana klasi ya online saa mbili usiku, sauti ya mwalimu inakatika katikati ya maneno mpaka anafunga laptopu anaenda kulala na hasira. Nikapigia watu wa intaneti mara tatu. Kila mara wanapima wananiambia laini iko sawa upande wao, na mara ya tatu nilimpandishia sauti yule dada wa kastoma kea, kitu ambacho leo najutia juu alikuwa ananiambia ukweli.

Siku moja nikaamua kuingia kwa rauta yenyewe. Nikafungua ile orodha ya vifaa vilivyoungwa. Sisi kwa nyumba tuna vitano: simu yangu, simu ya bibi, laptopu, TV, na simu ya mpwa wangu anayekaa na sisi akisoma. Orodha ilikuwa na vifaa 19. Nikahesabu tena na kidole. Simu za majina sijawahi kuskia, na TV mbili. Sisi TV ni moja, iko mbele yangu, nimeizima. Hio ingine ilikuwa inacheza kwa nyumba ya mtu, kwa pesa yangu.

Nikabadilisha paswadi usiku huohuo. Wote wakatoka. Dakika tano hivi nikaskia mlango wa jirani unafunguka na mtu kwa korido anauliza mwenzake "kwani WiFi imeenda?" Nilisimama nyuma ya mlango wangu kimya, roho inadunda.

Siku nne baadaye nikaangalia tena, vifaa 11.

Hapo ndio nilichanganyikiwa. Paswadi mpya nilikuwa nimewapa watu wawili tu duniani, bibi na mpwa. Jumamosi nikitoka dukani nikapata mpwa wangu amekaa kwa ngazi na rafiki yake wa ghorofa ya tatu, simu ya kijana wangu imewaka na ile picha ya miraba nyeusi na nyeupe, yule mwingine ameinamisha yake juu, inalia tik, imeingia. Sekunde tatu. Hakuna neno lililosemwa, hakuna paswadi iliyotajwa. Na chini ya hio picha paswadi yenyewe ilikuwa imeandikwa wazi kwa maandishi, herufi kwa herufi.

Sikumchapa, sikumtukana. Nilikaa naye kwa meza tukaongea, na akaniambia ukweli wote. Yeye alimpa rafiki, bure, juu ni rafiki. Rafiki akampa kaka yake. Kaka yake ndio alikuwa anauza, 100 bob kwa mwezi, mpaka kinyozi wa hapo chini alikuwa mteja. Mpwa wangu hakuona hata shilingi na alilia akijua. Mimi namwamini.

Sasa kitu kilichonifanya nianzishe huu uzi ni hiki. Nilidhani paswadi ni moja. Ziko mbili. Kuna ya kuingia WiFi, na kuna ya kuingia kwa rauta yenyewe, pale unabadilisha kila kitu. Ile ya pili tangu siku fundi alileta rauta haijawahi guswa, ilikuwa ileile iko kwa stika chini ya rauta, na ni neno ambalo mtoto wa darasa la nne anaweza bahatisha. Maanake hao watu 14 wote walikuwa ndani, na yeyote kati yao angetaka angefungua brauza, aandike namba za rauta, anifungie mimi nje ya WiFi yangu mwenyewe. Sijalala vizuri siku hio.

Nikaanza kuuliza na kusoma. Nimefanya haya: nimebadilisha zote mbili, nimezima WPS (ile njia ya mkato ya kuingia WiFi bila paswadi), nimefungua mtandao wa wageni, na mpwa tumeelewana. Najua kuna watu humu wanajua zaidi yangu. Wenye wamepitia waseme, wenye hawaelewi waulize, hakuna swali la ujinga hapa.


Dada_wa_SouthB:
Pole sana kaka. Nimesoma hii nikiwa kwa matatu nikaskia tumbo limekaza juu jioni kwangu ni hivyohivyo. Naingiaje kwa hio orodha? Mimi si mtu wa kompyuta.


GhorofaYaNne:
Asante dada. Geuza rauta, chini kuna stika. Itakuwa na namba kama 192.168.1.1 au 192.168.100.1, inategemea rauta, na jina na paswadi ya kuingilia. Ukiwa umeungwa kwa WiFi yako, andika hizo namba kwa brauza ya simu, pale juu pa kuandika anwani, usiweke kwa Google. Stika ikiwa imefutika, enda kwa setingi za WiFi kwa simu, bonyeza jina la mtandao wako, tafuta palipoandikwa gateway, ndio hizo namba. Ukishaingia tafuta sehemu ya vifaa. Kama unaona ni wengi na huelewi yupi ni yupi, zima WiFi kwa simu zenu zote moja moja uone ni ipi inapotea. Itakayobaki wakati zenu zote zimezimwa si yenu.


FundiMasafa:
Mkuu wa ghorofa ya nne umeandika vizuri na umefanya vizuri kumsikiza kijana kabla ya kumhukumu. Mimi naweka mitandao kwa ploti kuanzia Pipeline mpaka Zimmerman, mwaka wa saba huu, wacha niongeze juu hii mambo inaniuma.

Kwanza, paswadi ya WiFi. Nikiingia kwa nyumba kumi, kwa nyingi nakuta paswadi ni namba ya simu ya mwenye nyumba. Watu wanaona ni nzuri juu iko na tarakimu kumi. Wacha nieleze kwa nini haifai. Mtu akitaka kuvunja WiFi ya WPA2, ile aina ya ulinzi iliyo kwa rauta nyingi, hakai nje ya mlango wako akijaribu moja moja. Anachofanya ni kunasa ule muda simu yako inasalimiana na rauta, sekunde chache tu, halafu anaenda zake. Kile alichonasa anakipeleka kwa kompyuta yake huko kwake na anaanza kubahatisha huko, rauta yako haijui, wewe hujui, hakuna kengele inalia. Sasa namba za Kenya za 07 zimebaki tarakimu nane tu za kubahatisha, yaani milioni 100. Kompyuta iliyo na kadi nzuri ya michezo inajaribu zaidi ya laki mbili kwa sekunde. Piga hesabu, ni sekunde 500, dakika nane na kitu. Unapika ugali haijaiva yeye ameshaingia. Ukiongeza zile za 01 haibadilishi kitu.

Na jina la mtoto na mwaka aliozaliwa ni mbaya hata zaidi, juu jirani hahitaji kompyuta, anahitaji tu kukumbuka birthday mlimwalika.

Chukua maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana kabisa. Funga macho, fungua kamusi, weka kidole, neno la kwanza. Tena, la pili. Mpaka manne. Ukichagua hivyo kutoka maneno 7,000, mchanganyiko unapita trilioni 2,400, na kwa ile kasi niliyosema ni zaidi ya miaka 300. Mtoto anaweza kuikariri, mgeni anaweza kuandikiwa. WPA2 inakubali kutoka herufi 8 hadi 63 kwa hivyo nafasi iko. Lakini usichague mwenyewe kichwani, kichwa cha binadamu kinaenda kwa mapenzi, mpira na Mungu, na hayo maneno ndio ya kwanza kujaribiwa.

Pili, hio WPS mwenzetu amezima. Hapo umenifurahisha. Ni ile ya kubonyeza kitufe au kuandika namba nane badala ya paswadi. Mwaka 2011, Disemba, mtafiti anaitwa Stefan Viehböck alionyesha hio namba ya tarakimu nane inakaguliwa vipande viwili, nne za kwanza peke yake halafu zilizobaki, na ya mwisho kabisa ni ya kuhakiki tu. Kwa hivyo badala ya kujaribu mamilioni unajaribu 11,000 tu basi. Rauta za siku hizi nyingi zinajifunga ukikosea mara kadhaa, lakini si zote, na bado nakutana na za zamani ambazo watu wamenunua mtumba. Hata paswadi yako iwe ya herufi 63, hio namba ikiwa wazi ni kama umejenga mlango wa chuma ukaacha dirisha la choo wazi. Izime. Na ile ya kitufe, mtu akishafika kwa kiti chako sebuleni anabonyeza tu.


Roysambu_Kimya:
Fundi swali. Mimi nilificha jina la WiFi isionekane, na nikaweka ile ya kuruhusu MAC za simu zangu tu, ile namba ya utambulisho ya kila kifaa. Si hapo nimemaliza?


FundiMasafa:
Ndugu yangu hapana, na nakuambia kwa upole juu najua ulitumia muda. Jina ukilificha, simu zako ndio zinazunguka zikiliita kwa sauti popote uendapo, hata ukiwa Tom Mboya Street, "uko hapa? uko hapa?". Mwenye programu ya kusikiliza hewa analiona. Na anwani ya MAC inasafiri wazi hewani hata kwa mtandao uliofungwa, mtu anaiona ya simu yako, anaivaa kwa yake, rauta inamfungulia ikidhani ni wewe. Halafu simu mpya, Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14, zinatumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao, kwa hivyo siku moja hio MAC ya simu yako ikibadilika utajikuta wewe mwenyewe umefungiwa nje. Hizo mbili si kufuli. Weka nguvu kwa paswadi na kwa aina ya ulinzi.

Na kuhusu aina, ingia kwa setingi uone imeandikwa nini. Ikiwa WEP, hio ni ya 1997 na ilivunjwa 2001, leo ni ya dakika chache. Ikiwa WPA peke yake bila namba, ilikuwa ya muda tu ya 2003. Chagua WPA2 yenye AES, hio ni njia imara ya kuficha data, na kama rauta yako iko na WPA3 chagua ile ya mchanganyiko WPA2/WPA3 ndio simu za zamani zisikatae. WPA3 ilitoka 2018, uzuri wake mkubwa ni kwamba ile hila ya kunasa salamu na kwenda kubahatisha nyumbani haifanyi kazi, kila jaribio lazima lipitie kwa rauta yenyewe.


Roysambu_Kimya:
Sawa fundi nimekubali. Na kweli kuna mwezi simu yangu ilikataa kuingia nikadhani imeharibika, nikaipeleka mpaka Luthuli. Kumbe ni hio.


MwalimuKayole:
Mimi nitasema kitu ambacho labda hamtakipenda. Ninafundisha, na nina wanafunzi ambao kazi ya nyumbani wanaifanya kwa WiFi ya jirani juu mama yao anachagua kati ya unga na bundles. Nikisoma hapa watu wanafurahia kufungia majirani nje naskia vibaya. Tulikua mtaani chumvi inaombwa, moto unaombwa. Sasa mtu ana 10 Mbps, yeye na bibi na TV, hata haimalizi, na anamnyima mtoto wa jirani?


GhorofaYaNne:
Mwalimu, nashukuru umesema hii, na hujakosea. Iliniuma pia mimi. Wakati wote walitoka, mama mmoja wa ghorofa ya chini alikuja kwangu mwenyewe, akabisha, akasema baba, nisamehe, binti yangu alikuwa anaingia kwa hio mtandao yako kusoma, mimi nilidhani ni ya keateka. Alikuwa ameshika kanga na mikono miwili. Alilipa ile 100 kwa yule kijana kila mwezi akidhani analipia kitu halali.

Huyo mama nimempa. Lakini sikumpa paswadi yangu. Rauta nyingi ziko na kitu kinaitwa mtandao wa wageni, ni jina lingine la WiFi kutoka kwa rauta hiyohiyo, na paswadi yake tofauti. Aliyeko huko anapata intaneti lakini haoni vifaa vya nyumba yangu, na hawezi kufungua ukurasa wa rauta. Rauta yangu inaniruhusu kuipunguzia kasi, nimeiwekea 2 Mbps, ambayo inatosha kabisa kazi ya shule. Paswadi ya wageni nabadilisha kila mwanzo wa mwezi na naenda kumwambia mwenyewe. Binti anasoma. Kumnyima chumvi hapana, lakini ufunguo wa nyumba nao sitoi.

Na kuna sababu ingine. Hio laini imesajiliwa na jina langu na kitambulisho changu. Mtu nisiyemjua akitumia kutapeli watu ama kutukana watu huko nje, wakifuatilia watafika kwa mlango wangu kwanza kabla ya mwingine yeyote. Nitajieleza, lakini nitajieleza nikiwa wapi?


MwalimuKayole:
Hapo nimeelewa, na hio ya wageni sikuwa najua iko. Ahsante kwa kumfikiria huyo mama. Nitauliza kwa shule yetu pia, juu paswadi ya ofisi hata wauza mandazi wa geti wanaijua.


MamaPacha:
Mimi nina swali la wasiwasi. Mtu akiwa ndani ya WiFi yangu anaweza kuona M-Pesa yangu? Juu natumia app kulipa karo na kila kitu, na sasa nasoma hapa nataka kuitoa.


FundiMasafa:
Usiitoe mama. Ile menyu ya laini ya simu, ya kwenye SIM, haipiti kabisa kwa WiFi, inapita kwa mtandao wa simu. App nayo inapita kwa WiFi lakini mazungumzo yake na seva yamefungwa, mtu aliye kwa WiFi yako anaona tu kwamba kuna kitu kinapita, haoni ndani. Tovuti zenye kufuli juu ni hivyo pia.

Hatari yenyewe iko kwa ile paswadi ya pili mwenzetu alisema. Mtu akiingia kwa rauta anaweza kubadilisha DNS. Nikueleze kwa lugha rahisi. DNS ni kama yule mtu wa stejini unamuuliza gari la kwenda Kayole liko wapi na anakuonyesha. Ukiandika jina la benki, simu inauliza DNS ni namba gani, inaenda hapo. Sasa mwizi akiweka mtu wake stejini, unauliza gari la Kayole unaonyeshwa gari la mwizi, limepakwa rangi sawa, kondakta amevaa sare sawa. Mara nyingi simu itakuonya kwamba cheti si sahihi, ikikuonya hivyo ukiwa nyumbani kwako usibonyeze endelea, toka, ingia kwa rauta uangalie. Kama DNS imewekwa kwa mkono na wewe hukuiweka, piga simu kwa kampuni yako uwaulize zao ni zipi.


Dada_wa_SouthB:
Nimerudi. Nimeingia. Vifaa vyangu ni vitatu na nimeona nane. Mikono inatetemeka. Lakini kuna kimoja kimeandikwa tu "IPC", ni nini hicho?


FundiMasafa:
Dada una kamera? Nyingi zinajiandika hivyo.


Dada_wa_SouthB:
Ndio niko nayo, ya kuangalia mtoto na dada wa kazi nikiwa job. Nilisahau kabisa kuihesabu.


FundiMasafa:
Basi hio ni yako, lakini ihamishe kwa mtandao wa wageni leo. Hivi vitu, kamera, TV, balbu za kuwashwa na simu, vinatengenezwa kwa haraka na maboresho vinapata kwa nadra au havipati. Mwaka 2016 kulikuwa na kirusi kinaitwa Mirai, kilizunguka intaneti kikijaribu majina na paswadi zaidi ya 60 za kiwandani, zile za admin na 12345, kikaingia kwa malaki ya kamera na rauta duniani, halafu kikazitumia zote pamoja kuangusha tovuti kubwa. Wenye kamera hawakujua, kamera ilikuwa inaonyesha mtoto kama kawaida. Badilisha paswadi ya kamera yenyewe, ile uliyopewa kwa boksi. Na kwa rauta zima kuingilia kutoka nje, imeandikwa remote management, na UPnP, ile inayoruhusu vifaa vijifungulie mlango wa nje vyenyewe, kama huna michezo inayoihitaji.


Dada_wa_SouthB:
Paswadi ya boksi ilikuwa 123456. Nimebadilisha sasa hivi. Mtoto wangu yuko kwa hio kamera, jameni.


Roysambu_Kimya:
Wadau wacha niwaonye na mimi. Baada ya kusoma huu uzi jana usiku nilisahau ile paswadi ya pili, nikachukua kijiti nikabonyeza kile kishimo cha nyuma cha kureseti mpaka taa zote zikazima na kuwaka. Rauta ikarudi kama mpya, lakini intaneti hakuna. Taa nyekundu. Kumbe kuna jina na paswadi kampuni walikuwa wameweka ndani, na imefutika. Nimekaa bila intaneti kutoka saa tatu usiku mpaka leo saa nane mchana fundi wao akakuja. Msibonyeze kabla hamjaongea nao.


FundiMasafa:
Pole ndugu, na asante kwa kusema juu wengi watakuwa na kijiti mkononi saa hii. Kwa rauta za faiba hasa, pigia kampuni kwanza, waambie unataka paswadi ya kuingia kwa rauta. Wengine wanakubadilishia kutoka huko kwao, na wengine hawakupi kabisa juu rauta ni mali yao, hapo waombe wakuzimie WPS na wabadilishe ya kiwandani wao. Ni haki yako kuuliza. Wakikataa kabisa, nunua rauta yako ndogo, uiunge nyuma ya yao kwa waya, uzime WiFi ya ile yao, utumie yako.

Na ukiwa ndani angalia maboresho ya programu ya rauta. 2017 mtafiti Mathy Vanhoef alionyesha kasoro kwa WPA2 yenyewe, walioboresha vifaa vyao walipona.

Lakini kitu kingine wadau, kuwa mkweli na nafsi yako. Si kila jioni mbaya ni mwizi. Kwa ploti ya nyumba 48 kuna rauta labda 30 zinapiga kelele kwa masafa ya 2.4 GHz, na huko chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Nimeitwa Kasarani mara ngapi sijui, mtu ameshachukia majirani wote, nikifungua orodha ni vifaa vyake vinne peke yake. Nilihamisha TV na laptopu kwa 5 GHz ikaisha. Hio ya 5 haipiti kuta vizuri, na kwa hio unapata faida mbili, haigongani na za jirani na haifiki mbali nje ya nyumba yako. Angalia orodha kwanza kabla hujagombana na mtu.


MwalimuKayole:
Swali la mwisho kutoka kwangu. Huyo kijana aliyekuwa anauza, mlimpeleka wapi?


GhorofaYaNne:
Mwalimu, hapo nilifikiria sana. Sheria iko, ya makosa ya kompyuta ya 2018, kuingia kwa mfumo wa mtu bila ruhusa ni faini mpaka milioni tano au miaka mitatu jela au zote mbili. Bibi yangu alisema tuende polisi. Mimi nikaenda kwa mama yake kwanza. Kijana ana miaka 19, amemaliza shule, amekaa. Tuliongea mbele ya mama yake na keateka, akakubali kurudishia yule mama wa chini pesa zake za miezi mitatu, na amerudisha za miezi miwili kufikia leo. Ya mwisho nangojea. Kinyozi ameweka WiFi yake mwenyewe.

Lakini nilimwambia wazi, na sikuwa natishia, kwamba nikiona kifaa chake tena naenda kituoni, na rekodi za rauta nimezipiga picha zote, na tarehe.


MamaPacha:
Mungu akubariki kwa hio hekima. Nimezima WPS, nimebadilisha zote mbili, maneno manne kutoka kwa kamusi ya watoto. Sasa nayaandika wapi? Juu nimeambiwa maisha yangu yote usiandike paswadi popote.


GhorofaYaNne:
Andika tu mama, kwa karatasi, na kalamu. Anayevunja WiFi hewani haoni karatasi iliyo kwa nyumba yako. Usiibandike kwa rauta tu, juu rauta iko sebuleni na sebuleni ndio wageni wanakaa na simu zinapiga picha. Yangu iko ndani ya mlango wa kabati ya vyombo, nimeibandika na selotepu, ya wageni iko juu na ya kwetu iko chini na ya rauta haiko hapo kabisa, hio iko na bibi kwa begi la vyeti vya watoto.